Gari la Kale na Tela: Uzito, Breki na Sheria

Uwezo wa gari kuvuta tela ni uzito wa juu ambao gari linaweza kuondoka nao mlimani, kwenda nao barabarani na kusimama nao salama. Kwa gari la kisasa uzito huo hutajwa kwenye kitabu chake, na kibati kilichobandikwa kwenye bodi huonyesha jumla inayoruhusiwa ya gari pamoja na tela. Ulaya kiwango hicho hupimwa kwa majaribio: gari likiwa na tela lazima liweze kuondoka mara tano ndani ya dakika tano kwenye mwinuko wa asilimia 12. Magari mengi ya kale hayana kibati hicho wala hayakupitia jaribio hilo. Mwenye gari hubaki na mambo mawili ya kumwongoza: sheria ya nchi na hali halisi ya gari lenyewe.

Uingereza ni mfano mzuri, kwa kuwa wapenzi wa magari ya kale ni wengi huko, na utamaduni wa kusafiri na karavani una zaidi ya miaka 100. Kampuni ya Eccles ilianza kutengeneza karavani za kuvutwa na magari mwaka 1919. Sheria ya huko inagawa tela katika makundi mawili. Tela lisilo na breki halitakiwi kuzidi kilo 750, wala nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Kinachofuatwa ni kiwango kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Tela ambalo uzito wake wa jumla unaoruhusiwa unazidi kilo 750 lazima liwe na breki zake.

Chukua Morris Minor 1000 ya mwaka 1956, gari ambalo wazee wengi wa Afrika Mashariki bado wanalikumbuka. Lina uzito wa karibu kilo 750, injini ya sentimita za ujazo 948 na nguvu za farasi 37. Kwa kanuni ya nusu, tela lake lisilo na breki halipaswi kuzidi kilo 375 hivi, mzigo ukiwemo. Kwa tela lenye breki, wenye uzoefu wa karavani huwashauri wanaoanza wasipite asilimia 85 ya uzito wa gari, yaani karibu kilo 640. Hata hivyo, ushauri huo umezoeleka kwa magari yenye nguvu kubwa zaidi. Kwa Minor, uzito huo ni mwingi mno katika barabara ya milima.

Udhaifu wa kwanza wa gari la kale ni breki. Minor ina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na mafuta ya breki hupita kwenye mfumo mmoja tu, kwa hiyo bomba moja likipasuka breki zote za mguu hupotea. Zaidi ya hapo, dramu hushikilia joto. Katika mteremko mrefu, tela likisukuma kwa nyuma, breki hupata moto na kupungua nguvu. Dawa yake ni kushuka kwa gia ndogo tangu juu, kabla gari halijashika kasi. Udhaifu wa pili ni upoozaji. Rejeta iliyojaa kutu huvumilia safari ya kawaida, lakini mlimani na mzigo maji huchemka. Klachi nayo huumia kila gari linapoondoka kwenye mwinuko.

Mahali pa kufunga kiungio cha tela pia pana umuhimu wake. Land Rover za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwaka 1948, zina chasisi ya chuma inayoweza kubeba nguvu za mvuto. Minor haina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kiungio chake lazima kishikwe kwenye sehemu imara kwa vibati vya kusambaza nguvu, na kutu itafutwe kwanza chini ya sakafu. Sheria ya Uingereza inataka kiungio chenye idhini rasmi kwa magari yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Agosti 1998. Magari ya zamani zaidi hayabanwi na sharti hilo, lakini kiungio kibovu bado ni kosa.

Umeme nao hauachwi nyuma. Gari lenye mfumo wa volti 6 haliwezi kuwasha taa za tela la volti 12. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yameunganisha upande chanya wa betri kwenye bodi, hivyo fundi lazima ahakikishe hilo kabla ya kufunga vifaa vya kisasa.

Katika barabara za Uingereza, tela lazima liwe na namba ya gari linalolivuta na taa zinazofanya kazi. Mwendo wa gari lenye tela hauzidi maili 50 kwa saa, sawa na kilomita 80, kwenye barabara ya kawaida, na maili 60 kwenye barabara kuu zenye njia mbili zilizotengwa. Gari la kale likiharibika na kuvutwa kwa kamba, umbali kati ya magari mawili usizidi mita 4.5, na ukipita mita 1.5, kamba iwekewe alama inayoonekana.

Huko huko Uingereza, gari lililotimiza zaidi ya miaka 40, ikiwa halikubadilishwa sana, linaweza kusamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Msamaha huo hauondoi wajibu wa kuwa na gari salama. Kabla ya kufunga tela, mwenye gari la kale apime breki, rejeta na sakafu, kisha apakie mzigo pungufu ya kiwango ambacho sheria inaruhusu.