Je, wajua ugonjwa wa jiko huanzia wapi?

Ukipita Mikumi jioni, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, utakuta majiko ya mkaa yamepangwa mbele ya vibanda, mahindi yanachomwa na chai inachemka. Mwangalie anayewasha. Kabla hajashika kiberiti, huligeuza jiko mpaka kimlango chake kitazame upepo unakotoka. Hapo ameshatibu nusu ya maradhi ya jiko.

Je, wajua kwamba jiko ni mashine kamili, ingawa halina mota? Jiko banifu tunalolijua, bati kwa nje na chungu cha udongo kwa ndani, lilienea kutoka Kenya miaka ya 1980, mafundi walipounganisha jiko la bati la kienyeji na wazo la ndoo ya udongo ya Thailand. Chungu huzuia joto lisitoroke ubavuni. Hewa baridi huingia kwa kimlango, hupanda kwenye matundu na kukutana na makaa. Ikishapata moto hupaa, nayo nafasi yake hujazwa na hewa nyingine. Jiko hupumua lenyewe. Likiugua, uliza mambo matatu: hewa inapita? Mkaa ni mkavu? Mkaa umeiva?

Linatoa moshi. Mkaa ulioiva hauna moshi mwingi. Moshi mzito unaochoma macho maana yake ndani ya gunia kuna vijinga, vipande ambavyo bado ni kuni. Kosa hilo halikufanyika jikoni kwako. Huko porini magogo hupangwa, hufunikwa nyasi, kisha udongo, halafu huachwa yaive kwa siku nyingi bila hewa ya kutosha. Mchomaji husoma moshi. Ukiwa mweupe na mzito, ni maji yanatoka kwenye mti. Ukigeuka manjano, mti unabadilika. Ukiwa mwembamba wa rangi ya samawati, mkaa umeiva. Tanuri likifunuliwa mapema, wewe ndiye utakayelia machozi. Chagua vijinga kwa mkono: ni vizito, rangi yake ni ya kahawia, na ukivigonga havitoi mlio mkavu kama wa kigae.

Linarusha cheche na kupasuka. Huo ni unyevu. Maji yaliyojificha ndani ya kaa hugeuka mvuke ghafla na kulipasua. Anika mkaa juani kabla ya kuutumia, na gunia liweke juu ya mbao au matofali, si sakafuni, hasa wakati wa masika.

Linawaka kwa uvivu, kisha linazima. Kung'ang'ana na kipepeo hakusaidii kama matundu yameziba. Mwaga majivu kila asubuhi na uzibue matundu kwa kijiti. Chenga za mkaa nazo hujaza nafasi za kupitisha hewa, basi zitenge. Usizitupe: zichanganye na udongo kidogo na maji, ufinyange madonge, uyaanike.

Linakula mkaa. Kagua chungu. Mara nyingi kimepasuka kwa sababu mtu alimwagia maji makaa yangali mekundu. Tena, maharage yakishachemka hayahitaji moto mkali. Sogeza kimlango kibakize upenyo mdogo, funika sufuria, uyaache yaive taratibu.

Kuna dalili moja isiyo na mzaha. Vile vimwali vya buluu vinavyocheza juu ya makaa ni kaboni monoksaidi inayoungua. Isipoungua, husambaa chumbani bila rangi wala harufu, na huua. Usilale na jiko ndani, hata kama baridi ni kali kiasi gani, hata kama makaa yanaonekana yamefifia.

Baadhi ya nyumba za Ulaya na Marekani hupashwa joto kwa majiko ya peleti, vidonge vya vumbi la mbao lililoshindiliwa. Majiko hayo yana mota ya kulisha vidonge na feni ya kuvuta hewa, lakini maradhi yake ni yaleyale: vidonge vilivyolowa, majivu yaliyojaa, njia ya hewa iliyoziba. Moto una sheria moja kila mahali.

Sasa turudi Mikumi, wilayani Kilosa, kwa sababu jiko lako limefungwa kamba na msitu. Kwa hesabu ya kawaida, kilo 100 za mti katika tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kuanzia mwaka 2012, vijiji vya wilaya hii, Ulaya Mbuyuni na Ihombwe vikiwamo, vilianza mpango wa uvunaji wa mkaa, vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazosimamia misitu. Sehemu ya msitu wa miombo iliyotengwa kwa mkaa hugawanywa vitalu vya meta 50 kwa 50, kama ubao wa drafti: kimoja huvunwa, jirani yake huachwa. Visiki having'olewi, kwa kuwa miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye kisiki na mizizi. Ushuru huingia kijijini.

Serikali nayo imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema, na anayeweza kuhamia gesi au umeme asisite. Lakini leo jioni mkaa bado unawaka katika nyumba nyingi, na kila kaa linaloungua bure ni mti uliokatwa bure.

Kwa mpango wa Kilosa, kitalu kikishavunwa hupumzishwa miaka 24. Kilichokatwa mwaka 2014 hakiguswi tena hadi 2038. Basi zibua matundu, anika mkaa wako, na ukishaivisha chakula funga kimlango.