Simu Inapomwambia Mtoto Amechelewa

Mwezi wa Mfunguo Sita uliopita, yapata majuma mawili kabla ya maulidi ya mtaani kwetu, mtoto wa dada yetu alimwendea ustadhi wake baada ya darasa la jioni, akamwomba amtoe katika safu ya wapiga dufu. Ana umri wa miaka 14, na dufu amelishika tangu akiwa na miaka saba. Ustadhi alipomtaka aeleze sababu, alijibu kwamba mkono wake umekuwa mzito na unachelewa. Akaulizwa ni nani aliyemwambia hivyo, maana ustadhi mwenyewe hakuwahi kutamka neno kama hilo. Kijana akainamisha kichwa. Aliyemwambia hakuwa mtu. Ilikuwa ni simu.

Habari hiyo ilipotufikia tulicheka kwanza, kisha tukajuta kucheka, kwani tulipomwita atuonyeshe tulimkuta amesononeka kweli. Ulikuwa ni mchezo wa simu ambao jina lake tunaliacha, kwa sababu, kama itakavyobainika, kosa halikuwa lake peke yake. Wimbo hupigwa, alama hushuka kwenye kioo moja baada ya nyingine, na mchezaji hutakiwa kugusa kioo sawasawa na pigo. Kila mguso hutolewa hukumu papo hapo: sawasawa, umewahi, umechelewa. Kwa wiki tatu mfululizo kijana huyu alikuwa akisomewa hukumu ya tatu.

Tunajua kwamba suala la muziki na ala zake lina khitilafu ya siku nyingi baina ya wanachuoni, na wapo wasomaji wa ukurasa huu ambao majumbani mwao mlango huo umefungwa. Makala haya hayakuandikwa ili kuufungua. Lakini michezo hii imo katika simu za vijana wetu, tupende tusipende, na mzazi asiyejua watoto wanasema nini kuihusu hana la kuwaambia zaidi ya kuzima simu. Kwa hiyo tuliamua kuwasikiliza. Jioni tatu, baada ya Alasiri, tulikaa barazani na kijana wetu na wenzake wanne, tukayalinganisha waliyotuambia na yale ambayo wachezaji wa nchi nyingine wamekuwa wakiyabishania kwa miaka mingi.

Michezo ya mapigo si mipya. Mwaka 1996 Wajapani walitoa PaRappa the Rapper, na mwaka 2005 Wamarekani wakatoa Guitar Hero pamoja na gitaa lake la plastiki, lililouzwa kwa wingi mpaka watu wakalikinai. Mwaka 2011 kampuni iliyokuwa ikiumiliki mchezo huo ikafunga kitengo chake. Makampuni makubwa yalipopoteza hamu, uwanja ulishikwa na watengenezaji wadogo wanaojitegemea: mtu mmoja, wawili, au kikundi cha marafiki wasio na tajiri wa kuwaamrisha. Aghalabu hata muziki wao hutoka kwa watunzi wa namna hiyohiyo, wasiosikika redioni.

Mfano ulio karibu zaidi na vijana wetu ni Geometry Dash, uliotolewa mwaka 2013 na Msweden mmoja, Robert Topala. Kidude cha mraba hukimbia chenyewe, nawe kazi yako ni kugusa kioo kiruke. Ukigonga kitu unarudishwa mwanzo, na mchezo unakuandikia hesabu ya mara ulizojaribu. Nyimbo zake nyingi ni za watunzi waliokuwa wakiweka kazi zao katika tovuti ya Newgrounds, na wachezaji wengi hukiri kwamba majina ya watunzi hao wameyajulia humo. Kati ya Januari 2017 na Desemba 2023 waliungoja uongezwe sehemu mpya, karibu miaka saba, na ulipoongezwa hawakudaiwa hata senti. Hilo limempa Topala heshima ambayo kampuni nyingi tajiri hazina.

Hata hivyo barazani petu palizuka ubishi. Watatu kati ya watano walishikilia kwamba huo si mchezo wa mapigo hata kidogo. Walisema mtu anaushinda kwa macho na kwa kukariri, na mmoja wao alidai kwamba hatua ya kwanza aliimaliza sauti ikiwa imezimwa kabisa. Mwingine alimjibu kwamba amekariri kwa sababu sikio lilikwisha kumfundisha kwanza. Sisi hatukuwa na la kusema, ila tulishangaa kuona jinsi suala la iwapo mtu anasikiliza au anatazama linavyowashughulisha watoto hawa. Wachezaji wa mbali nao hubishana hivyohivyo. Mchezo unaojiita wa mapigo lakini unaweza kuchezwa na mtu aliyeziba masikio, wao huuona kuwa na ila.

Ndiyo maana kijana mkubwa kuliko wenzake, ambaye kaka yake yuko chuo kikuu na ana kompyuta, alituambia kwamba tusihukumu mpaka tuone Rhythm Doctor. Ulianzishwa na Hafiz Azman, kijana wa Malaysia, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Uingereza, na tangu Februari 2021 wachezaji waliruhusiwa kuununua ungali ukiendelea kutengenezwa. Mchezaji ni daktari mwanafunzi. Mapigo ya moyo wa mgonjwa hupita kwenye kioo yakihesabiwa, na katika pigo la saba sharti abonyeze kitufe kimoja tu ili moyo ushtuliwe upate nguvu. Basi, hakuna kingine cha kufanya.

Tulipoketi mbele ya kompyuta hiyo tulidhani ni mchezo wa watoto wadogo. Kisha akaja mgonjwa ambaye maradhi yake huvuruga mtambo wenyewe: picha inakatika, mstari wa moyo unarukaruka, na anayetegemea macho anapotea pale pale. Sauti peke yake ndiyo isiyodanganya, na mwenye kuhesabu moja mpaka saba moyoni anavuka salama. Wachezaji wengi huitaja hatua hiyo wanapoeleza kwa nini wanaupenda mchezo huu. Sisi tulishindwa mara nne. Kijana wetu, aliyesema mkono wake unachelewa, alipita mara ya kwanza. Hapo ndipo tulipoanza kushuku simu.

Kundi hilohilo la Hafiz Azman lilitoa mwaka 2019 A Dance of Fire and Ice, sayari mbili zinazozungukana, nao unaendeshwa kwa kitufe kimoja. Huu husifiwa na kulaumiwa kwa jambo moja, yaani ukali. Ukikosa pigo, mchezo umekwisha. Wapo wasemao kwamba ukali huo ndio heshima kwa mchezaji, na wapo wasemao kwamba mtu aliyerudi kazini amechoka hahitaji kukemewa na sayari.

Mabishano kama hayo yamekuwepo pia juu ya Crypt of the NecroDancer, uliotengenezwa Kanada na kutolewa rasmi mwaka 2015. Mle shimoni, kila hatua unayopiga lazima ilingane na pigo la muziki. Lakini watengenezaji waliweka mhusika mmoja, Bard, ambaye anaweza kutembea atakavyo bila kujali mapigo. Baadhi ya wachezaji huona kwamba anayemchagua Bard hajaucheza mchezo. Wengine hujibu kwamba yuko asiyesikia vizuri, na yuko ambaye vidole vyake havimtii, na watu hao nao wana haki ya kuingia. Tunaliunga mkono jibu hili la pili bila kusita, na vijana wote watano waliliunga mkono, jambo lililotufurahisha kuliko alama zozote walizopata.

Trombone Champ wa mwaka 2022 hauna ukali wowote. Mchezaji hupuliza tarumbeta ya kuvuta kwa kusogeza mkono juu na chini, na karibu kila mtu hutoa sauti mbovu. Watu waliupenda kwa sababu ya ubovu huo. Binti mdogo wa nyumbani, aliyekuwa akipita na birika la chai, alicheka mpaka akaliweka chini.

Si yote yanayofaa kuingia nyumbani. Thumper, wa mwaka 2016, ulitengenezwa na watu wawili ambao wenyewe waliueleza kuwa ni mapigo yaliyochanganywa na ukatili. Hauna damu, lakini kishindo na kasi yake vimewafanya wachezaji wengi waseme kwamba waliucheza kwa hofu, na mtoto mdogo hana haja ya hofu ya kununua. Friday Night Funkin' ulianza mwaka 2020, na mwaka uliofuata mashabiki waliuchangia zaidi ya dola milioni 2. Muziki wake wanausifu sana. Kisa chake ni cha kijana anayeshindana kwa nyimbo ili ampate msichana, na kwa kuwa programu yake iko wazi kwa kila mtu, wengi wameutengenezea matoleo yao, mengine ya vitisho na matusi ambayo waasisi hawakuyaandika. Mzazi anayeona jina tu hajajua ni toleo gani mwanawe analicheza. Ni bora aketi kando yake dakika kumi.

Katika maneno yote ya barazani, neno lililorudiwa zaidi halikuwa uzuri wa picha wala ugumu. Lilikuwa ni haki. Mchezaji yuko radhi kushindwa mara mia, mradi aamini kwamba aliposhindwa alikosea yeye. Akishuku kwamba aligusa kwa wakati na mashine ikamwandikia kosa, hasira yake haina mfano. Wachezaji wazoefu wanapousifia mchezo, mara nyingi husifia insafu yake kabla ya nyimbo zake.

Na hapo ndipo tulipoipata siri ya simu ya kijana wetu. Wiki tatu kabla, mjomba wake alimletea zawadi ya hedifoni zisizo na waya, zile za blutuuthi. Sauti inayopita hewani hufungashwa kwanza ndani ya simu, hurushwa, kisha hufunguliwa sikioni, na kazi hiyo inakula muda, aghalabu kati ya sehemu moja na mbili za kumi za sekunde, na hata zaidi kwa hedifoni za bei nafuu. Mwenye kutazama video hatambui, kwa kuwa programu nyingi huchelewesha picha ili iende sambamba na sauti. Katika mchezo haiwezekani, kwa sababu picha lazima iujibu mkono. Sasa uchukue wimbo wenye mapigo 150 kwa dakika. Kati ya pigo na pigo pana sehemu nne za kumi za sekunde. Sauti ikichelewa sehemu mbili, mtoto anasikia kila pigo likiwa limechelewa nusu nzima. Anagusa sawasawa na alichokisikia, na simu inamwandikia kwamba amechelewa. Kwa hesabu ya simu ni kweli. Kwa sikio la mtoto ni dhulma.

Dawa inajulikana na wachezaji wote wa siku nyingi, na haigharimu kitu. Michezo mingi ya aina hii ina mahali katika mipangilio yake ambapo simu hupiga mapigo, mchezaji akayafuata kwa kidole, nayo ikapima tofauti na kuiondoa katika hesabu. Au mtu atumie hedifoni za waya. Kijana wetu hakuwahi kuambiwa lolote kati ya hayo. Aliona neno la hukumu, akalisadiki.

Tulimpelekea ustadhi maelezo haya tukidhani tunamletea habari njema. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye aliona kinyume. Kwa wiki tatu mkono wa kijana haukuwa ukichelewa, ulikuwa ukitangulia. Safu nzima ikipiga, dufu lake lilisikika mbele ya wenzake kwa unywele mmoja, na alikuwa akijiandaa kumsahihisha pale mtoto alipokuja kuomba atolewe. Tulikaa kimya. Ili kuiridhisha simu, mtoto alikuwa amejifunza kupiga kabla ya pigo, na akaibeba tabia hiyo mpaka madrasa.

Kwa sababu hiyo tunatofautiana na vijana wetu katika dai lao moja, kwamba michezo hii ni mafunzo tosha ya mapigo. Inafundisha kuhesabu na kuvumilia, hilo tumeliona. Lakini mashine haimngoji mtu wala haimfuati. Katika safu ya dufu, kiongozi akiongeza kasi wote wanaongeza. Mmoja akizembea, bega la jirani linamrudisha. Yule ustadhi alipotaka kumponya kijana hakumpa hesabu yoyote. Alimketisha kando ya mzee aliyepiga dufu kabla baba wa mtoto hajazaliwa, akamwambia asiangalie mikono, afuate mabega.

Ilichukua jioni sita. Usiku wa maulidi alikuwa wa tatu kutoka kushoto, na hatukuweza kulitenga dufu lake na ya wenzake. Siku za Jumamosi bado anakwenda kwa yule rafiki mwenye kaka wa chuo kikuu, ambako ana mgonjwa mmoja aliyekataa kupona. Hedifoni za waya alijinunulia mwenyewe kwa shilingi 3,000. Zile za mjomba amezichukua mama yake, anasikilizia mawaidha akiwa jikoni, na huko zikichelewa hakuna anayejua.