Kwa nini maji ya kidimbwi hugeuka kijani?

MNAMO Agosti 2016, watazamaji wa Michezo ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro walipigwa na butwaa maji ya kidimbwi cha kupiga mbizi yalipogeuka kijani ghafla. Waandalizi walieleza baadaye kuwa lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilikuwa zimetiwa majini. Kemikali hiyo iliondoa nguvu za klorini, na mwani ukapata nafasi ya kumea.

Kisa hicho chafunza kwamba dawa haitiwi kiholela. Kwanza, pima pH, kipimo cha ukali wa asidi majini. Yafaa iwe kati ya 7.2 na 7.8. Ikizidi, klorini hudhoofika hata ikiwa tele, na chokaa huganda ukutani. Ikipungua mno, maji hula mabomba na mitambo, kisha shaba na chuma huacha madoa ya kibuluu au ya kahawia.

Ndipo klorini irekebishwe, miligramu 1 hadi 3 kwa kila lita. Asidi na klorini zisichanganywe kamwe, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Hili si suala la urembo tu. Katika maji yaliyochafuka, mtoto anayezama haonekani.