Nani Aandikiwe Sifa? Hesabu za Mpigaji katika Besiboli

Timu ikishinda pale Sokoine, Mbeya, au Samora, Iringa, kesho yake stori shuleni ni moja tu: nani kafunga. Aliyekaba dakika tisini hatajwi. Upo mchezo ambao daftari lake linamkumbuka hata yule aliyejitoa ili mwenzake asogee. Nao umeshafika Tanzania.

Ni besiboli. Ilianza kuchezwa katika shule za sekondari Dar es Salaam mwaka 2012 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, na Azania ni miongoni mwa shule za mwanzo. Mwaka huohuo watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Marekani kucheza mashindano ya Little League World Series, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale.

Unachezwaje? Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo (la mbao jamani, siyo lile la kwenye chupa!) kisha anakimbilia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, hadi nyumbani. Akifika nyumbani salama, timu yake inapata alama moja. Pembeni amekaa mwandishi rasmi na daftari lake. Kila mara anajiuliza: huyu kafika kwa uwezo wake, au kabebwa?

Hebu tumchukue mpigaji wa kubuni, tumwite Neema, wa Iringa. Leo kasimama kupiga mara tano. Mara ya kwanza kaupiga mpira vizuri, kafika kituo cha kwanza. Hiyo ni hiti. Mara ya pili mrushaji karusha mipira minne mibovu, refa kampa Neema kituo bure. Siyo hiti, lakini zamu hiyo haihesabiwi dhidi yake.

Mara ya tatu kapiga mpira mwepesi, mdakaji kauangusha, Neema kafika salama. Makofi kibao! Ila daftarini mdakaji anaandikiwa kosa, na Neema anahesabiwa kuwa kapiga bila hiti. Hapa ndipo watu hugombana, kwani mwandishi ndiye anayeamua kama mpira ule ungedakwa kwa juhudi za kawaida.

Mara ya nne ndiyo naipenda mimi. Mwenzake yuko kituo cha kwanza. Neema anaugusa mpira polepole makusudi, mwenzake anasogea hadi cha pili, yeye mwenyewe anatolewa. Daftari linaandika kuwa amejitoa kwa ajili ya timu, na zamu hiyo nayo haihesabiwi. Mara ya tano kakosa mpira mara tatu, akatolewa. Basi.

Wastani wake ni hiti 1 gawanya kwa zamu 3, siyo 5. Jibu ni 0.333. Unadhani ni mbaya? Katika ligi kuu ya Marekani, mwenye 0.300 ni mchezaji mzuri sana, na huyo anakosa mara saba katika kumi. Nawafikiria wale wanaokosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya alama za mtihani mmoja wa majaribio. Kama ni wewe, mwone mwalimu wa ushauri nasaha mapema, usisubiri mpaka ushindwe kula.

Tena kanuni zenyewe hubadilika. Mwaka 1941 Ted Williams alipata hiti 185 katika zamu 456, wastani 0.406. Wakati ule mpira wa juu uliodakwa huku mwenzako akikimbia hadi nyumbani ulikushushia wastani. Tangu 1954 haukushushii. Kwa kanuni ya leo, Williams angekuwa juu zaidi kwa mapigo yaleyale.

Halafu kuna Josh Gibson. Wachezaji weusi walifungiwa nje ya ligi kuu, wakacheza katika ligi zao. Gibson alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajafungua mlango huo. Hiti zake hazikuwemo katika kitabu rasmi hadi mwaka 2024, zilipoingizwa, na wastani wake wa 0.372 ukampita Ty Cobb aliyekuwa akiongoza kwa 0.367. Ziliwezekana kuingizwa kwa sababu watafiti walikusanya kwa miaka mingi hesabu za mechi zilizochapishwa magazetini. Mechi ambazo hakuna aliyeziandika zimepotea.

Sasa fikiria netiboli ya shuleni kwenu. Wanaoruhusiwa kufunga ni GS na GA tu, kwa hiyo GK anaweza kucheza miaka minne bila jina lake kuandikwa popote. Mwenye kaunta buku akae pembeni: nani kakata pasi, nani katoa pasi ya mwisho kabla ya goli. Tumia penseli lakini. Hata katika ligi kuu ya Marekani, mwandishi ana saa 24 baada ya mechi kubadili uamuzi wake.