Karatasi, Wakfu na Kaya: Fikra Tatu Zinazoendesha Siasa za Ardhi Pwani

Kila uchaguzi ukikaribia, Pwani huahidiwa hatimiliki. Mgombea wa urais huahidi, wa ugavana huahidi, na hata yule wa wadi, ambaye kisheria hana uwezo wa kumpa mtu ploti moja, naye huahidi. Sasa tunaelekea 2027 na nyimbo ni zile zile.

Tumezoea kusema kwamba huu ni ulaghai wa wanasiasa, basi. Ni kweli kiasi. Lakini ndugu msomaji, ulaghai haudumu zaidi ya miaka sitini bila kuwa na mizizi. Leo nataka tuiangalie mizizi hiyo. Kwa maoni yangu, siasa za ardhi hapa kwetu zinaendeshwa na fikra tatu kuhusu swali moja: ardhi ni ya nani? Mila ina jibu lake, dini ina jibu lake, na uchumi uliokuja na Mwingereza una jibu lake.

Nianze na mila. Kwa Mijikenda, ardhi ilikuwa ya ukoo na jamii. Mtu alikuwa na haki ya kulima kipande chake, akakiacha kipumzike miaka kadhaa, kisha akakirudia. Kipande hicho hakikuhesabiwa kuwa kimetupwa. Tena ardhi na mti ni vitu viwili mbalimbali. Mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama shamba ni la mwingine, na waweza kurithiwa au kuwekwa rehani peke yake.

Juu ya hayo kuna kaya, misitu mitakatifu ya wazee, ambayo mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaya haikuwa mahali pa ibada tu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza na wenzake waliwaapisha Wagiriama katika Kaya Fungo wakatae kazi za Waingereza na kodi zao. Mwaka uliofuata Waingereza waliilipua kaya hiyo kwa baruti. Hawakuwa na ugomvi na miti. Walijua kwamba ndani ya msitu ule mlikuwa na serikali nyingine.

Dini nayo inasemaje? Katika Uislamu ardhi asili yake ni ya Mwenyezi Mungu, na binadamu amepewa amana. Mafakihi wana mlango mzima unaoitwa ihyaa al-mawat, yaani kuihuisha ardhi iliyokufa. Anayeilima ardhi isiyo na mwenyewe, akachimba kisima au akapanda, huwa ni yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Pwani, haihitajiki hata ruhusa ya mtawala, ilhali Imam Abu Hanifa aliishurutisha. Inasimuliwa pia kwamba Khalifa Umar aliweka muda wa miaka mitatu: aliyezungushia ardhi ua kisha asiitumie, haki yake inaondoka.

Lakini dini hiyo hiyo inakataza vikali kudhulumu ardhi ya mtu, hata ikiwa shubiri moja. Aliyenunua kwa halali, au akarithi kwa halali, analindwa. Kisha kuna wakfu. Huyo huyo Umar alipopata ardhi kule Khaybar, Mtume (SAW) alimwelekeza azuie asili yake na atoe mazao yake kwa wahitaji. Tangu hapo ardhi ya wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Ndiyo maana Mombasa, Lamu na Malindi zina nyumba na mashamba ambayo mapato yake ni ya msikiti, ya madrasa au ya kizazi fulani.

Jibu la tatu ni la kiuchumi, na ndilo lililoshinda. Mwanafalsafa wa Uingereza, John Locke, katika karne ya 17 alifundisha kwamba mtu akichanganya jasho lake na ardhi, ardhi ile inakuwa mali yake. Ukisoma haraka utadhani ni yale yale ya ihyaa. Tatizo ni vile fikra hiyo ilivyotumika katika makoloni. Ardhi isiyolimwa kwa mtindo wa Mzungu iliitwa pori tupu, na pori tupu likawa la Taji. Shamba lililokuwa limepumzishwa, malisho, na msitu wa kaya vyote vikaonekana havina mwenyewe.

Baadaye fikra ikasogea hatua nyingine. Mpango wa Swynnerton wa 1954, ulioshika zaidi mkoa wa Kati, ulisema mkulima akiwa na hati yake binafsi atapata mkopo na kuzalisha zaidi. Mwaka 2000 mwanauchumi wa Peru, Hernando de Soto, aliandika kitabu kilichosomwa duniani kote akisema kwamba maskini ana mali, ila hana karatasi ya kuigeuza mtaji. Kila unapomsikia kiongozi akisema hatimiliki itamtoa mwananchi katika umaskini, ujue anarudia fikra hizo, hata kama hajawahi kuyasikia majina haya.

Sasa angalia ajabu yake. Mila inamtambua aliyelima. Fiqhi inamtambua aliyehuisha. Hata Locke anamtambua aliyetoka jasho. Zote tatu kwenye mzizi zinampa haki mtu wa jembe. Imekuwaje basi kwamba Pwani mtu wa jembe ndiye skwota?

Jibu liko katika miaka miwili. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku kisheria hapa Pwani. Wenye watumwa walilipwa fidia, na waliokuwa watumwa wakapewa uhuru bila ardhi. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, iliyowataka wenye madai katika ukanda wa maili kumi wajitokeze na ushahidi waandikishwe. Waliokuwa na nyaraka, mashahidi na njia ya kufika ofisini wengi wao walikuwa Waarabu, Waswahili wa mijini na Wahindi. Madai ya pamoja ya jamii hayakupata nafasi. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Taji, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Kwa hivyo Mgiriama, Mdigo na mjukuu wa mtumwa wakaamka siku moja wakiwa wageni pale walipozikwa babu zao.

Mjini hali ilichukua sura nyingine. Nyumba niliyolelewa mimi ilikuwa ya bibi yangu, lakini ardhi haikuwa yake. Kila mwezi alikuja mtu na kitabu cha risiti kuchukua kodi ya ardhi. Kuta, bati na mlango vilikuwa vya bibi. Chini ya mkeka palikuwa pa mwingine. Maelfu ya nyumba za Mombasa ziko hivyo hadi leo, na wengi wa waliomo ni Waislamu wanaomlipa Muislamu mwenzao. Ukiufikiria vizuri, mpango huu ni mtoto wa mila ya mnazi na shamba. Ila mnazi hauvunjwi na tingatinga usiku.

Tukafika 1963. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kuhusu ukanda wa maili kumi, uliokuwa wa Sultani na ukisimamiwa na Mwingereza tangu mkataba wa 1895. Serikali ya Kenya iliahidi kulinda uhuru wa dini na mahakama za Kadhi. Katika makubaliano hayo hayo iliahidi kuzitambua hati za ardhi za Pwani zilizokwisha kuandikishwa.

Hapo ndipo dini na karatasi zilipofungwa kamba moja. Kadhi alilindwa, na hati za 1908 zikalindwa pamoja naye. Matokeo yake tunayaona. Ukihoji hati za zamani, wako watakaosikia kwamba unaushambulia Uislamu. Na Mmijikenda asiye Muislamu, akiangalia kutoka upande wake, anamwona mwenye ardhi na msikiti kama kitu kimoja. Wanasiasa wameitumia nyufa hiyo tangu siku za KADU ya Ronald Ngala na wale wa Mwambao: leo Mwarabu na Mmijikenda, kesho Mbara na Mpwani. Ukweli ni kwamba maskwota wengi wa Kwale ni Wadigo, na Wadigo wengi ni Waislamu. Mstari halisi hauko baina ya msikiti na kaya. Uko baina ya mwenye karatasi na asiye nayo.

MRC walipokuja na "Pwani si Kenya", hoja yao waliijenga juu ya mkataba wa 1895. Serikali iliwapiga marufuku mwaka 2010, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Vijana wengi walioimba wito ule hawakuwa wamesoma mkataba wowote. Walichokijua ni kwamba wanaishi mahali ambapo wanaweza kufukuzwa.

Serikali nazo zimejaribu dawa zake. Ardhi ya ukoo wa Mazrui, iliyowekewa sheria ya amana mwaka 1914, bunge liliifutia sheria hiyo 1989, na mambo yakaishia mahakamani. Kule Likoni, serikali ililinunua shamba la Waitiki, takriban ekari 930, kwa shilingi bilioni 1.1, na mapema 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati. Halafu wakaazi wakaambiwa kila mmoja alipe shilingi 182,000. Katika mfano wa kwanza wakfu ulikatwa kwa kalamu ya bunge. Katika wa pili skwota aliuziwa ardhi aliyoamini ni yake. Hakuna mahali palipoulizwa: nani alilima?

Kwa kuwa swali hilo haliulizwi, hati imegeuka kuwa fadhila. Inatolewa uwanjani, mbele ya kamera, na anayeipokea hushukuru. Mtu akishukuru kwa haki yake, kura yake inakuwa malipo.

Katiba ya 2010 imetupa vifaa bora. Kifungu cha 63 kinatambua ardhi ya jamii, na kaya zinaingia hapo. Kifungu cha 40 kinalinda mali ya mtu, lakini kinasema wazi kwamba ulinzi huo haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ina jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria. Na iko sheria ya zamani inayomruhusu mtu aliyekaa kwenye ardhi ya mwingine kwa miaka 12, waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, aende mahakamani kudai umiliki. Mjue mipaka yake: haishiki ardhi ya umma, na anayelipa kodi ya ardhi kila mwezi ni vigumu kuitumia, kwa kuwa risiti yake ni ushahidi kwamba yuko hapo kwa ruhusa.

Masheikh wetu nao wana kazi. Hutuba kuhusu kudhulumu shubiri ya ardhi tumezisikia sana, na ni haki. Hutuba kuhusu ardhi iliyozungushiwa ua miaka arobaini bila kulimwa, huku mwenyewe hajulikani yuko Unguja, Oman au Nairobi, hizo ni chache. Fiqhi ina la kusema hapo. Lisemwe.

Na sisi wapiga kura tuna letu. Ahadi ni deni, na dini imetufundisha deni liandikwe. Safari hii mgombea akija na wimbo wa hatimiliki, mpeni kalamu aandike: shamba gani, ekari ngapi, hati iko kwa jina la nani, fedha zitatoka wapi, na mkaazi ataombwa kulipa nini. Asiyeweza kuandika hayo hana ardhi ya kutoa, na kura msimpe.