Kusoma Shahada ya Fizikia kwa Mtandao



Huu ni mwaka wangu wa mwisho katika shule yetu. Wenzangu wa Kidato cha Sita wanapozungumza habari za Chuo Kikuu, mimi hunyamaza. Mimi ni kifungua mimba, na Baba ni mgonjwa tangu mwaka jana. Mitihani ikiisha nitarudi nyumbani kusimamia mashine yetu ya kusaga mahindi, ili wadogo zangu watatu wapate karo. Lakini moyo wangu wataka fizikia. Kwa hiyo nimechunguza habari za kusoma shahada kwa mtandao, na niliyoyaona nawaandikia hapa, maana najua siko peke yangu.

Wengi hudhani kuwa kusoma kwa mbali ni jambo la jana. Sivyo. Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu kufanya mitihani yake bila kuhudhuria masomo huko. Mwaka 1969 Uingereza ilianzisha Open University, yaani Chuo Kikuu Huria, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1971. Walisoma vitabu vilivyoletwa na posta, wakatazama mafundisho katika televisheni, na wale wa sayansi wakapelekewa vyombo vya majaribio nyumbani. Jirani zetu Watanzania nao walitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria chao mwaka 1992. Leo kazi kubwa ya posta na televisheni hufanywa na mtandao.

Je, kazi yenyewe ni nyepesi? Hapana. Katika Open University shahada ya heshima huhesabiwa kwa pointi 360, na kila pointi ni kama saa 10 za kusoma. Jumla yake ni saa 3,600. Mwenye kazi nyingine huchukua pointi 60 kwa mwaka, hivyo humaliza kwa miaka 6, akisoma yapata saa 16 hadi 18 kila juma.

Baba aliponisikia aliniuliza, "Mwanangu, utajifunzaje sayansi bila maabara?" Swali lake ni zuri. Vyuo hivi hutumia njia mbalimbali. Open University, kwa mfano, ina darubini katika kisiwa cha Tenerife, na mwanafunzi aliye nyumbani huziamuru kwa kompyuta zimpigie picha za nyota. Vipimo avipatavyo ni vya kweli, naye huvikokotoa mwenyewe.

Hata hivyo, likizo iliyopita nilijifunza kwamba swali la Baba lina uzito. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kuwa kitatoa masomo yake bure katika mtandao. Nami nilikuwa nikitazama masomo ya namna hiyo kwa simu. Nikaamua kujaribu jambo moja. Nilifunga jiwe kwenye uzi, nikalitundika darini, nikaliacha lipembee. Ukijua urefu na muda wa kwenda na kurudi mara moja, waweza kukokotoa mchapuko wa kitu kinachoanguka, ambao vitabu vyasema ni kama mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Nilihesabu mipembeo 20 katika sekunde 40.2. Uzi ulikuwa sentimita 96. Jibu langu likawa 9.4.

Nilirudia siku tatu. Nilitazama somo tena na tena. Mwalimu wa kwenye simu alisema yale yale. Shule ilipofunguliwa nilimweleza mwalimu wetu. Akaniuliza neno moja tu: "Ulipima mpaka wapi?" Nilikuwa nimepima uzi peke yake. Yafaa kupima mpaka katikati ya jiwe, nalo lilizidisha sentimita 4. Nilipotumia sentimita 100 nikapata 9.77.

Basi, ndugu zangu mtakaofuata njia hii, nawapa mashauri matatu. Kwanza, tafuteni mtu wa kuwauliza "ulipima mpaka wapi?", awe mwalimu wa karibu au wenzenu wanaosoma somo lilo hilo. Pili, kumbukeni kwamba masomo ya bure huleta maarifa, lakini hayaleti shahada. Shahada hutolewa na chuo ambacho mmejiandikisha na kufanya mitihani yake. Tatu, kabla ya kulipa hata senti moja, ulizeni katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kama shahada ya chuo hicho yatambuliwa hapa Uganda.

Mimi bado sina fedha za kujiandikisha. Lakini nimekubaliana na Baba kwamba kila jioni, mashine ikizimwa, saa mbili zitakuwa zangu za hesabu na fizikia, ili siku nitakapopata ada nisianze mwanzo. Mwenda pole hajikwai.