Presha na baiskeli: Chagua njia isiyo na magari

Ikiwa unaishi Tetu au kwingineko karibu na Nyeri, huenda umewahi kuambiwa na daktari kuwa una presha na kwamba sharti ufanye mazoezi. Ulipotoka chumbani mwake ukajiuliza: Mazoezi gani, na nikayafanyie wapi? Hilo ni swali la haki, na sisi madaktari mara nyingi hatulijibu.

Mzee mmoja wa miaka 61 kutoka pande za Wamagana aliniuliza jambo hilo waziwazi. Nilikuwa nimempima presha nikapata 168/102. Nilipomshauri aanze tena kuendesha baiskeli alitabasamu akasema, "Daktari, unataka nife kwa presha au kwa matatu?"

Mzee huyo alibeba maziwa kwa baiskeli hadi kituoni kwa zaidi ya miaka 20. Kisha akanunua pikipiki, baiskeli ikawekwa ghalani, na mshipi wa suruali ukaanza kumbana.

Hofu yake ina msingi. Kwenye lami, matatu, malori na boda boda hugombania nafasi, na mwenye baiskeli ndiye mnyonge. Lakini Tetu ina barabara nyingine ambazo tumezisahau. Kuna zile za changarawe zinazopita kati ya mashamba ya chai, njia za kandokando ya msitu wa Aberdare, na vijia vinavyofuata mabonde ya mito kama vile Chania, Zaina na Gura. Kwenye nyingi kati ya hizo utaenda kitambo kirefu bila kupisha gari. Hiyo ndiyo njia niliyomwandikia mzee pamoja na vidonge vyake.

Baiskeli hufanya nini mwilini?

Unapokanyaga pedali, misuli mikubwa ya mapaja huhitaji damu nyingi. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi na mishipa hupanuka. Ukirudia zoezi hilo kwa wiki kadhaa, mishipa huzoea kulegea na moyo hufanya kazi ile ile kwa juhudi ndogo. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya namna hii yakifanywa kila wiki huweza kuteremsha ile namba ya juu kwa alama 5 hadi 8. Misuli hiyo pia hutumia sukari iliyomo kwenye damu, jambo linalomfaa mgonjwa wa kisukari. Na kwa kuwa uzito wako unabebwa na kiti, magoti hayaumii kama unapokimbia.

Jambo hili si dogo. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Presha haina kelele. Wengi huijua siku ambayo mkono mmoja umekataa kuinuka na mdomo umepinda, yaani kiharusi kimekwisha kuingia.

Kule Copenhagen, Denmark, watafiti waliwafuatilia watu wapatao 30,000 kwa miaka mingi. Katika ripoti yao ya mwaka 2000 walieleza kuwa wasioenda kazini kwa baiskeli walikuwa na kiwango cha vifo kilichozidi cha wenzao waendao kwa baiskeli kwa asilimia 39.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Usianze hapo. Anza na dakika 15, mara tatu kwa wiki, kisha uongeze dakika tano kila wiki.

Fuata mgongo, usivuke bonde

Ardhi ya Tetu ni migongo na mabonde yanayoteremka kutoka Aberdare. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole. Ile inayokata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine hutumbukia mtoni, kisha hukupandisha ukuta upande wa pili. Anayeanza na afuate mgongo. Elekea upande wa msitu kwanza ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi uteremke ukiwa umechoka.

Kipimo ni rahisi. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema, mwendo unafaa. Ukishindwa, shuka usukume. Hakuna aibu, wabeba maziwa wote walisukuma. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa maana baadhi ya vidonge vya presha huuzuia moyo usipige haraka.

Nani aanze kwa daktari?

Ikiwa presha yako ni 180/110 au zaidi, usipande baiskeli mpaka iteremshwe kwa dawa. Vivyo hivyo ikiwa huumwa na kifua unapopanda mlima, umewahi kuzimia, au miguu yako huvimba. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kuteremsha sukari abebe peremende au sukari mfukoni, ale mara aonapo kijasho chembamba na kutetemeka. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, hasa Julai wakati ukungu na baridi vinapotanda.

Ukiumwa na kifua njiani, simama, keti, na uite msaada. Usijikaze ufike nyumbani.

Hatari iko kwenye mteremko

Watu huogopa kupanda, lakini wengi huumia wakiteremka. Mimi mwenyewe ni shahidi. Nilikuwa nikiteremka kuelekea mto Gura baada ya mvua, raba za breki zikiwa zimekwisha nami nikijua. Nilibana breki ya mbele kwa ghafla kwenye udongo mwekundu, na nikaamka mtaroni nikiwa nimevunjika mtulinga. Kwa wiki sita niliwatibu wagonjwa nikiwa na mkono mmoja. Makosa yalikuwa yangu, si ya barabara.

Basi kagua breki kabla ya kutoka. Teremka polepole ukitumia breki zote mbili kidogo kidogo. Vaa kofia ngumu. Inua kiti hadi mguu ukaribie kunyooka pedali ikiwa chini; kiti kikiwa chini mno magoti huuma. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, vijia vya mabondeni viache, ubaki kwenye changarawe.

Kidonda kilichoingiwa na udongo wenye samadi huleta pepopunda. Kioshe kwa maji mengi na sabuni, kisha uende kliniki uulize kuhusu chanjo.

Msitu na mto vina kanuni zake

Ndani ya Aberdare kuna ndovu na nyati. Ua wa umeme wenye urefu wa kilomita zipatazo 400, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika 2009, uliwekwa ili wanyama wabaki upande wao. Nawe baki upande wako. Pita kwenye barabara za mashamba na za ukanda wa chai ya Nyayo, ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuukinga msitu. Ukitaka kuingia kwenye msitu wa serikali, omba ruhusa kwanza katika kituo cha msitu. Jihadhari pia na malori ya majani chai siku za kuchuna.

Maji ya mto yanaonekana safi, lakini usiyanywe. Homa ya matumbo haionekani kwa macho. Beba maji yaliyochemshwa. Nenda na mwenzako, na umwambie mtu nyumbani njia utakayofuata.

Na yule mzee? Aliishusha baiskeli ghalani, akabadilisha raba za breki, na sasa huenda upande wa Ihithe, alikozaliwa Profesa Wangari Maathai mwaka 1940, kisha hurudi kabla ya jua kuwa kali. Nilipompima miezi minane baadaye nilipata 138/86. Aliniuliza kama sasa aache vidonge. Nilimkatalia, nami nakukataza wewe pia: baiskeli huisaidia dawa, haichukui mahali pake.

Kabla ya kuitoa baiskeli yako, nenda kwanza ukapimwe presha. Kinga ni bora kuliko tiba.